Ombi la Mchanga

Nchi hii haipo. Anayedhani anaijua aulizwe ameijulia wapi, na akishajibu, jina lake liandikwe pembeni. Ina bendera, ina wimbo wa beti kumi na nne, ina wizara thelathini na moja, na huko nyanda za juu kwenye baridi ina mji unaoitwa Matopeni, ambako maji ya bomba hutoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wenyeji wameyazoea. Mgeni akija na chupa ya maji meupe, humuuliza yameugua nini.

Siwema alikuwa fundi sanifu wa maji hapo Matopeni. Alikuwa na stashahada moja na watoto watatu, na vyote alivipata kwa uchungu. Hakuwa mwanamke wa kuzunguka. Ukimuuliza habari za asubuhi alikwambia kama ni nzuri au mbaya, na kwa sababu hiyo watu wengi waliacha kumuuliza.

Kazi yake ilikuwa chujio la maji. Chujio ni birika kubwa la saruji lililojazwa mchanga. Maji ya mto huingia juu yakiwa machafu, hupenya mchangani polepole, hutoka chini yakiwa safi. Hakuna uchawi wowote. Kinachotakiwa ni mchanga uliooshwa na kuchekechwa, wenye punje zinazolingana, kina chake sentimita themanini. Kwenye chujio la Matopeni zilikuwa zimebaki sentimita kumi na mbili. Mchanga wa sentimita kumi na mbili hauchuji kitu, unasalimiana tu na uchafu unapopita.

Mchanga wa namna hiyo ulikuwa katika bohari ya serikali peke yake. Wa mtoni nusu yake ulikuwa udongo, na kuuchimba bila kibali ilikuwa miaka miwili jela. Basi mwezi wa sita, siku ya Jumatatu, Siwema alikaa akaandika barua kama alivyofundishwa chuoni. Juu aliweka kichwa cha habari, YAH: OMBI LA MCHANGA. Chini yake alieleza kwamba mchanga uliopo umechakaa na umepungua, kwamba zinahitajika tani arobaini, kwamba watoto mjini wanaugua matumbo, na kwamba masika yakianza mwezi wa tatu kabla mwingine haujawekwa, watu watazikwa. Akatia sahihi, akabandika stempu, akarudi kazini.

Sasa ni lazima msomaji aelezwe kanuni moja ya utumishi wa nchi ile. Kadiri mtu anavyopanda cheo ndivyo anavyosoma kidogo. Tarishi husoma barua yote, karani husoma aya ya kwanza, mkurugenzi husoma Yah. Walio juu ya mkurugenzi huipima barua mkononi, na ikiwa na uzito unaoridhisha huweka sahihi.

Baada ya wiki moja jibu lilikuja katika bahasha nene yenye nembo ya dhahabu. "Ndugu, tunayo furaha kukujulisha kwamba Ombi lako la Mchanga limekubaliwa." Siwema alisimama pale pale ofisini akashika kichwa kwa furaha. Alitaka kutoka mbio akamwambie jirani yake, Mama Rehani, ambaye mwanawe wa miaka minne alikuwa ametoka kuugua kwa mara ya pili mwaka huo. Lakini yeye alikuwa mtu wa kusoma aya ya pili, akaisoma. "Utalelewa kwa muda wa miezi tisa chini ya Mlezi wako, Ndugu Mgalula. Fika na nguo nyeupe."

*

Huo ulikuwa Udugu wa Mwiko.

Udugu wa Mwiko ndio ulioshika kila kitu katika nchi ile, ingawa haukuandikwa katika katiba, kwa sababu kuuandika ilikuwa mwiko. Mawaziri walikuwa Ndugu, majaji walikuwa Ndugu, na bohari zote, kuanzia ya misumari mpaka ya majeneza, funguo zake zilikuwa mifukoni mwa Ndugu. Waanzilishi walichagua jina hilo wakiwa na maana ya mambo yasiyotajwa. Wakamwagiza fundi cherehani mmoja awatengenezee nembo, naye, mtu wa watu, akawatarizia mwiko wa kusongea ugali. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba ni makosa. Hivyo kwa miaka hamsini wakubwa wa nchi wametembea na mwiko wa dhahabu kifuani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusonga ugali.

Mwanachama mpya aliitwa Mchanga, maana anazaliwa upya, naye kama mtoto mchanga hajui kitu. Wakiwa wengi waliitwa Wachanga. Aliyepewa kazi ya kuwafunza aliitwa Mlezi. Juu ya wote alikaa Baba Mkuu, mzee mnene mpole aliyesemekana kuijua Siri ya Udugu, na ambaye alikuwa akilala sana.

Siwema alikwenda makao makuu na barua yake mkononi kueleza kwamba kuna makosa, kwamba yeye aliomba mchanga, mchanga wenyewe, huu wa kumwaga. Ndugu Mgalula alimpokea kwa upole. Alikuwa bwana mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, na cheo chake serikalini kilikuwa Mkurugenzi wa Mambo Yaliyobaki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba jalada limeshapigwa muhuri, na muhuri wa nchi ile haukuwahi kukosea hata siku moja. Kama muhuri unasema yeye ni Mchanga, basi ni Mchanga. Lakini asihuzunike. Akishalelewa atakuwa Ndugu Kamili, na Ndugu Kamili hanyimwi kitu bohari. Hata huo anaousema yeye, wa kumwaga, atapewa.

Siwema akauliza kama wanawake wanaruhusiwa. Mgalula akafungua kitabu cha kanuni, akakipekua, akashangaa. Kanuni haikuwakataza wanawake. Ilikuwa imesahau tu kwamba wapo.

"Na nikikataa?"

"Mchanga akikataa malezi, tunasema ameharibika. Jalada linafungwa miaka saba. Kwa jina la Matopeni haliombwi tena lolote linaloitwa mchanga."

Siwema alihesabu kwa vidole mbele yake bila kuona haya. Mwezi wa sita mpaka wa tatu ni miezi tisa. Masika yalianza wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu. Ungebaki muda wa wiki mbili hivi kujaza birika.

"Nguo nyeupe ya namna gani?" akauliza.

*

Somo la kwanza lilikuwa Kukaa. Mchanga hukaa kwenye benchi nje ya mlango wa Mlezi, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, siku tatu kwa wiki. Siku ya kwanza Siwema alikaa. Siku ya pili alikuja na ungo na maharage, akawa anachambua. Mgalula alipopita alisimama akaguna.

"Ndugu Mchanga, unafanya nini?"

"Nakaa."

"Anayekaa hafanyi kitu."

"Basi nakaa vibaya, Ndugu Mlezi. Nifundishe."

Akamfundisha. Alimweleza kwamba kukaa ndiyo msingi wa uongozi. Yeye mwenyewe alikaa kwenye benchi lile lile miaka ishirini iliyopita, na tazama alipofika. Alipofika palikuwa upande wa pili wa mlango, hatua nne kutoka kwenye benchi. Siwema alizihesabu.

Somo la pili lilikuwa Kuitika. Kulikuwa na sentensi moja tu, "suala lako linafanyiwa kazi," nayo ilikuwa na sauti nne. Kwa raia wa kawaida ilisemwa taratibu, kichwa kikiwa upande, kama anayempa mtu pole ya msiba. Kwa waandishi wa habari ilisemwa kwa kidole kilichonyooshwa. Kwa wafadhili ilisemwa na tabasamu, na neno "mchakato" likichomekwa katikati. Ya nne mtu alijisemea mwenyewe akiwa peke yake, na hiyo, alisema Mgalula, ndiyo ngumu kuliko zote, lakini ukiipata utalala vizuri maisha yako yote.

Siwema hakuipata. Alijaribu mbele ya kioo cha bafuni, na bintiye wa kwanza, aliyekuwa akisubiri nje na mswaki, akamuuliza kazi gani hiyo inayofanywa. Siwema akampisha.

Somo la tatu lilikuwa Salamu ya Mkono, ambapo vidole viwili hukunjwa kana kwamba vimeshika mpini wa mwiko. La nne lilikuwa Kutosoma. Hilo lilimshinda kabisa. Mgalula alimwekea karatasi mezani, akamtaka aweke sahihi bila macho kushuka chini ya Yah, na kila mara macho ya Siwema yalishuka. Siku moja karatasi ilikuwa idhini ya kubomoa zahanati yenye wagonjwa ndani. Alipomwonyesha, Mgalula alifunika maandishi kwa kiganja, kwa haya, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa choo.

"Ndiyo maana hatusomi, Ndugu Mchanga. Ukisoma, utafanyaje kazi?"

Kila wiki Mgalula alijaza fomu ya maendeleo ya Siwema. Kwenye kisanduku cha tabia aliandika "Anauliza." Kwenye kisanduku cha ushauri aliandika "Aendelee kukaa."

Na kila jioni Siwema alirudi Matopeni, akapita kwenye birika lake, akachomeka fimbo kwenye mchanga. Kumi na mbili. Kumi na moja na nusu. Kumi na moja.

*

Mvua za vuli zilianza mwezi wa kumi na moja na mto ukashuka mwekundu. Siwema alibandika matangazo kwenye nguzo kwamba maji yachemshwe, mpaka afisa wa mji akaja kuyabandua kwa kuwa yanatia hofu. Mama Rehani alichemsha ya nyumbani kwake yote. Shule ya awali haikuchemsha, kwa sababu mwalimu aliambiwa na afisa yule yule kwamba chujio linafanya kazi.

Rehani alishikwa na homa ya matumbo, akaumwa siku tisa. Siku ya tisa Siwema alikuwa makao makuu kwenye Somo la Tabasamu. Mumewe alipiga simu getini mara tatu. Mlinzi alimjibu kwa adabu kwamba Mchanga hapokei habari mpaka Mlezi wake aisikie kwanza, na Mlezi wake alikuwa kwenye chakula cha mchana. Baada ya chakula Mlezi alipumzika kidogo. Saa kumi alitoka, akamwita Siwema, akamwambia kwamba kuna mtoto wa jirani, na kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Alitumia sauti ya kwanza, kichwa kikiwa upande. Aliifanya vizuri sana.

Msibani Siwema aliosha vyombo. Mama Rehani alikuwa amekaa mkekani, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, na Siwema alipompelekea uji alimshika kiganja.

"Jirani, huo mchanga umefika?"

"Bado."

"Si walikukubalia tangu mwezi wa sita?"

"Wananilea," alisema Siwema.

Mama Rehani akauachia mkono.

Siwema alirudi kwenye benchi Jumatatu. Wapo watu wa Matopeni waliosema hana moyo. Wao hawakuwa wameisoma ile kanuni ya miaka saba.

*

Katika mwezi wa tisa wa malezi Wachanga huingizwa Uwanjani. Kabla ya hapo ni mwiko kuuona.

Ulikuwa ua mkubwa nyuma ya makao makuu, umezungushiwa ukuta, na wakati wa mchana jua liliufikia vizuri. Wachanga wengine sita walikuwa pale tayari, mabwana wazima waliovaa kaptura nyeupe, mmoja mkuu wa wilaya, mmoja daktari wa meno. Mgalula akaeleza kwamba mtoto hutambaa kabla hajatembea, na kwa mwezi mzima watajifunza kutambaa kutoka ukuta huu mpaka ule, ili siku ya kutolewa watambae vizuri mbele ya Baba Mkuu.

Siwema alipiga magoti. Magoti yake yakazama.

Akakaa hivyo hivyo. Kisha akachota konzi moja, akaitandaza kiganjani, akaisukuma kwa kidole gumba. Punje zililingana. Akainusa. Akatoa chupa ya maji kwenye mkoba, akatia mchanga kidogo, akatikisa, akaiinua juani. Maji yalibaki meupe. Hata uzi mmoja wa udongo haukuonekana. Aliingiza mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko na haukugusa chini. Hakuhitaji kupima. Zilikuwa tani arobaini, labda na zaidi.

"Ndugu Mlezi. Huu umetoka wapi?"

"Bohari ya Maji," alisema Mgalula kwa fahari. "Daraja la kwanza. Zamani tulitambaa kwenye wa mtoni, una kokoto, wazee wakawa wanachubuka. Tangu miaka mitatu iliyopita bohari yote inaletwa hapa. Si wameandikiwa kwamba ni wa Wachanga?"

Siwema alikuwa bado na chupa mkononi. Wale mabwana sita waliendelea kutambaa wakimpita, daktari wa meno akihema.

"Mtoto aliyekufa aliitwa Rehani," alisema. "Alikuwa na miaka minne. Alikuwa hawezi kusema herufi r, akijitaja alisema Lehani. Angeishi kwa ndoo mbili za huu."

Mgalula alimsogeza mpaka kivulini mwa ukuta, akaangalia nyuma kama wale sita wamekwenda mbali, na alipoongea sauti yake ya kubembeleza ilikuwa imempotea.

"Unajua mimi nilikuwa nani? Bwana shamba. Kule kusini, kwenye ukame. Wakulima wangu walikuwa wamekula mpaka mbegu. Nikaandika barua kuomba ulezi, gunia mia mbili, wapande kabla mvua haijapita. Yah, Ombi la Ulezi."

Siwema alielewa kabla hajamaliza.

"Wakakufanya Mlezi."

"Wakanipa ulezi," alisema Mgalula. "Nikakaa benchi. Nilidhani nikimaliza nitawapelekea."

"Uliwapelekea?"

"Nilipomaliza hawakuwepo wa kupelekewa. Na ofisi ilikuwa na zulia." Akapangusa paji la uso, na ile sauti ikamrudia kidogo kidogo, kama maji yanayojaa kwenye beseni. "Hakuna ubaya uliokusudiwa, Ndugu Mchanga. Mwezi mmoja tu umebaki. Ukiwa Ndugu Kamili utajaza maombi ya mchanga upya, nayo yatazingatiwa katika bajeti inayofuata."

"Ulisema nikimaliza nitapewa."

"Nilisema hutanyimwa. Si kitu kimoja."

Siwema hakupaza sauti. Alikung'uta magoti, akafunga chupa, akarudi mstarini, akatambaa. Alitambaa mpaka ukuta wa pili na kurudi, mgongo umenyooka, bila kuuliza chochote, na siku iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Mgalula aliona, akafurahi kwa dhati. Kwenye fomu ya wiki ile, katika kisanduku cha tabia, aliandika kwa mara ya kwanza "Amekomaa."

*

Desturi ya Udugu ni kwamba Mchanga aliyeiva huandika mwenyewe barua ya kutolewa kwake, kwa sababu Ndugu wote ni watu wenye shughuli. Barua hiyo hupita kwa wakubwa kumi na wanne, kila mmoja akaweka sahihi, kisha Baba Mkuu akaibariki kwa muhuri.

Siwema aliandika yake. YAH: KUTOLEWA KWA MCHANGA UWANJANI. Hapo juu palikuwa sawasawa na barua zote za miaka hamsini. Chini yake aliandika kwa Kiswahili cha wazi, bila mafumbo, kwamba tani arobaini za mchanga uliooshwa, ulioko katika uwanja wa Udugu, zitolewe siku ya Jumanne tarehe kumi mwezi wa tatu, kuanzia saa moja asubuhi, zipelekwe kwenye chujio la maji la Matopeni, na kwamba Idara ya Ujenzi itoe malori manane.

Alikaa kwenye benchi akiingoja irudi. Haikuchukua muda. Wakubwa kumi na wanne walisoma Yah, wakatabasamu, wakamtakia heri. Mmoja alisema inapendeza kuona mwanamke anayejua kuandika barua fupi. Ilikuwa na kurasa mbili. Baba Mkuu aliipima mkononi, akaona uzito unatosha, akagonga muhuri, akalala.

Jumanne saa moja malori yalikuwa getini. Mlinzi aliona muhuri, akafungua. Dereva wa lori la kwanza, mtu asiye na cheo chochote, aliisoma barua yote tangu juu mpaka chini, maana dereva ni lazima ajue anakokwenda, kisha akauliza yako wapi makoleo. Makoleo yalikuja na wanawake wa Matopeni, thelathini na wachache, waliokuwa wamepanda malori yale wakitoka huko kwao. Mama Rehani alikuwa miongoni mwao. Hakuimba na wenzake. Alipakia mchanga tangu saa moja mpaka saa sita, na alipoletewa maji ya kunywa aliyaweka chini akaendelea.

Saa saba Ndugu walifika wakiwa na kaptura na miiko yao kifuani, tayari kwa sherehe. Walikuta shimo la udongo mwekundu na mwanamke mmoja akifagia yaliyobaki pembeni kwa mikono, ili asipoteze hata konzi.

*

Kamati ya uchunguzi iliundwa mchana ule ule. Ilikaa siku nne na kugonga mwamba, kwa kuwa njia ya kumtia Siwema hatiani ilikuwa moja tu, nayo ni wakubwa kumi na wanne pamoja na Baba Mkuu waseme kwa midomo yao kwamba hawakuisoma barua. Siku ya tano Baba Mkuu aliamka akatangaza redioni kwamba aliisoma. Aliisoma mara mbili. Alikuwa na maono ya mchanga tangu utotoni. Taifa likampongeza, kwaya ikatunga kibwagizo, na kwenye ukuta wa birika la Matopeni likabandikwa bamba la shaba lenye sura yake.

Masika yalipoanza, mto ulishuka mwekundu kama kawaida yake, ukaingia juu, na chini yakatoka maji meupe. Watu walikaa na glasi zao wakiyatazama. Siwema alilipita bamba la shaba kila asubuhi akichomeka fimbo. Sentimita themanini. Hakuona sababu ya kulisoma.

Wakamfanya nini basi? Mtu wa namna ile hafukuzwi, akifukuzwa ataongea. Walimpandisha cheo. Akawa Mlezi, wa kwanza mwanamke, akapewa ofisi makao makuu siku mbili kwa wiki, kiti cha kuzunguka, na zulia. Mgalula mwenyewe alimpeleka akamwonyesha swichi ya taa. Alimshauri asijichoshe, akaweka mezani jalada la Mchanga wake wa kwanza, na akamwambia kwa upole kwamba miezi tisa hupita haraka ukiwa upande huu wa mlango.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali. Mchanga mwenyewe alikuwa kwenye benchi tangu saa mbili. Siwema alimwita, akaingia mwanamke kijana mwenye gauni jeupe, akapiga magoti kwenye zulia, akasema alivyoelekezwa mlangoni, "Mlezi, nilee."

"Inuka, dada. Unaitwa nani?"

Aliitwa Atupele, muuguzi wa hospitali ya wilaya. Siwema alifungua jalada. YAH: OMBI LA VIFAA VYA WACHANGA. Alisoma chini yake. Mwandishi alieleza kuhusu wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, dirisha lililovunjika, watoto saba, mablanketi mawili. Aliomba vyombo vya kuwapa joto, vya aina yoyote, hata vikuukuu. Siwema alisoma mpaka kwenye sahihi na tarehe. Ilikuwa ya mwezi wa tano.

"Ulipoandika walikuwa saba," alisema. "Leo wako wangapi?"

Atupele alikunja pindo la gauni lake. "Leo wako watano, mama. Lakini hawa wa leo ni wengine."

Siwema alifunga jalada. Akakaa kidogo, mkono juu yake, na Atupele alidhani kwamba ndiyo malezi yameanza, akajiandaa kurudi kwenye benchi.

"Una gari?"

"Gari la wagonjwa. Liko nje."

Ukumbi wa chai ulikuwa mwisho wa korido. Ndugu walikuwa wamekaa kwa safu, vikombe mikononi, na chini ya kila safu kulikuwa na hita ya umeme, nane kwa jumla, za kuyapasha moto magoti ya wazee. Siwema aliingia bila kubisha. Alichomoa ya kwanza kwenye ukuta, akampa Atupele. Akachomoa ya pili na ya tatu. Alichomoa ya Baba Mkuu akiwa ameiwekea miguu juu, na miguu ikashuka yenyewe. Hakuna aliyesema kitu, maana kuuliza kungeonyesha malezi mabaya, na kila mmoja alidhani mwenzake ameweka sahihi mahali fulani.

Walikwenda na kurudi mara mbili, kila safari hita mbili, na mara ya tatu wakachukua tatu. Mgalula alikuwa safu ya mwisho. Aliweka kikombe chini, akaichomoa ya nane mwenyewe, akaibeba kifuani ikiwa bado na moto, akatoka nayo mpaka getini. Alisimama pale akilitazama lile gari, mlango wake wa nyuma umefunguka. Kisha akaiweka hita chini kwenye changarawe, akarudi ndani, chai yake isipoe.

Siwema alipakia ile aliyokuwa nayo, akamwambia dereva asizime injini, akarudi getini kuichukua.